LUDWIG KRAPF, MWOKOTA MANENO

Kabla sijakusimulia maisha ya mzee huyu aliyefariki zamani sana, wacha kwanza nikuambie jinsi nilivyokutana naye, maana sikumtafuta. Nilikuwa nikitafuta neno moja tu, tena neno fupi la herufi tatu.

Ilikuwa Jumatano, siku ya mkutano wa chama. Tulikuwa tukisoma shairi kwa sauti, tukafika ubeti wa tatu, tukakuta neno nti. Mstari uliofuata ukatuletea neno mato. Lo! Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja wetu akasema mpiga chapa alisinzia kazini. Mwingine akasema mshairi alikosa mizani, akaamua kukata maneno kama anayekata sukuma wiki. Mimi mwenyewe, bila haya, nilisema mato ni matoke yaliyokatwa mkia. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mwalimu wetu mlezi hakucheka, na wala hakutueleza. Alifunga kitabu chake taratibu, akatangaza kwamba atakayeleta maana na asili ya maneno hayo Jumatano ijayo atapewa kurasa katika gazeti la chama. Naam, ndiyo sababu unanisoma leo.

Kamusi yangu ndogo ya shuleni haikunisaidia. Basi Jumamosi asubuhi nikapanda matatu hapa Kangemi, tukateremka Waiyaki Way, tukapita Westlands na Museum Hill hadi katikati ya jiji. Nilishuka, nikakata mitaa mpaka Banda Street, kwenye Maktaba ya McMillan, ile iliyo jirani na Msikiti wa Jamia na yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka wa 1958. Kila nikipita kati ya simba wale huwakumbuka waliokuwa wakirudishwa pale mlangoni, nami huingia kwa madaha.

Nilikaa chini na kamusi kubwa, na hapo ndipo nilipopotea. Nilifungua herufi ya m, nikakuta mtondo, yaani siku inayofuata kesho kutwa, na mtondogoo, siku inayofuata mtondo. Kumbe mtu anaweza kupangiwa miadi ya siku nne mbele kwa neno moja! Nikaenda kwa f, nikakuta fungate, zile siku saba za maarusi baada ya harusi. Nikaenda kwa sh, nikakuta shinda, neno la chombo ambacho hakijajaa pomoni wala hakiko kitupu. Kisha nikafika kwenye mnazi, nikaduwaa. Sisi watu wa bara tunajua nazi, basi. Watu wa pwani huanza na kidaka, kikawa kitale, likaja dafu, likawa koroma, ndipo ikawa nazi. Tunda ni lilelile, lakini kila umri wake una jina. Nilisahau nilichokuja kutafuta. Saa zilienda mbio, na njaa sikuisikia. Wewe mwenzangu, kama hujawahi kuonja utamu wa kukutana na neno ambalo hukujua kwamba lipo, basi kuna raha ya bure unayoikosa.

Nilirudi nyumbani jioni nimeshiba maneno, lakini nti na mato sina. Asubuhi ya Jumapili nilitumwa kununua mahamri kwa mama mmoja wa pwani anayeuza karibu na stendi ya Kangemi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikamuuliza kwa mzaha kama amewahi kusikia neno mato. Alinitazama kwa mshangao, akagusa macho yake mawili kwa vidole vyenye unga. Nikamuuliza nti. Akakanyaga udongo kwa mguu. Kisha akanimwagia mengine: ndia ni njia, kitwa ni kichwa, mtanga ni mchanga. Kwake yeye hayo hayakuwa maneno ya ajabu hata kidogo. Ni maneno ya mama yake, ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Nilikuwa nimesafiri mpaka mjini kutafuta kilichokuwa kikikaangwa mita mia mbili kutoka kwetu!

Jumatano nilipoeleza, mwalimu alifurahi, akaniuliza kama ninajua ni nani aliyeyatia maneno kama hayo katika kamusi kubwa ya kwanza. Sikujua. Basi hapo ndipo jina la Ludwig Krapf lilipoingia masikioni mwangu. Tulia sasa nikusimulie.

UTOTO NA RAMANI TUPU

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana mdogo, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi mingi. Mtoto aliyelala kitandani hana mchezo ila kitabu, na Krapf alikishika kitabu tangu hapo hakukiacha tena.

Shuleni Tübingen alijifunza Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiitaliano. Siku moja alitazama ramani ya Afrika, akaona kwamba sehemu za Mashariki zilikuwa na majina machache mno. Karatasi ilikuwa nyeupe karibu yote. Wengine wangeona kwamba hapana watu huko. Yeye aliona kwamba yapo majina ambayo walioichora ramani hawakuyajua. Akaazima kitabu cha msafiri James Bruce kuhusu Uhabeshi, akakisoma kwa pupa.

Alipokua alisomea kazi ya umisionari kule Basel, Uswisi, kisha akajiunga na chama cha wamisionari wa Kiingereza, CMS. Mwaka wa 1837 alielekea Uhabeshi. Alikaa katika ufalme wa Shewa, akajifunza Kiamhari na lugha ya Waoromo. Mwishowe alifungiwa milango ya nchi ile, lakini hakukata tamaa. Kama njia ya kaskazini imefungwa, alijiambia, nitazunguka kwa baharini.

MOMBASA, MWAKA WA MACHOZI

Mnamo Januari 1844, Krapf na mkewe Rosine walifika Unguja. Seyyid Said, Sultani wa wakati ule, aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei mwaka huohuo wakaweka makao Mombasa.

Krapf hakungoja. Mwezi Juni, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Modehin, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hebu fikiria watu wale wawili wameketi pamoja, padre wa Kikristo na kadhi wa Kiislamu, wakitafuta neno moja baada ya jingine. Kila mmoja ana dini yake na ameishika barabara. Kilichowakalisha kwenye meza moja ni maneno.

Lakini malaria haina dini wala huruma. Mwezi Julai wote wawili, Krapf na mkewe, walikuwa taabani. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki, na siku chache baadaye kitoto kile kichanga kikamfuata mama yake. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kabla ya hapo Krapf alikuwa amempoteza mtoto wake mwingine huko Uhabeshi. Basi katika mwaka wake wa kwanza Mombasa, mtu huyu alibaki peke yake, mgonjwa, na karatasi zake.

Msomaji, hapa nilisita. Mimi hukasirika nikikosa maksi mbili za msamiati. Yeye aliponyanyuka kitandani, alirudi kwa wale waliomfundisha, akaendelea kuuliza hili linaitwaje na lile linaitwaje.

RABAI NA DAFTARI ZAKE

Mwaka wa 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Mwezi Agosti wakahamia Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, miongoni mwa Wamijikenda. Wakati ule wageni waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Kazi yao ya kuhubiri haikuzaa wafuasi wengi. Kazi yao ya maneno ilizaa sana.

Sasa jiulize, mtu anakusanyaje lugha nzima bila kinasa sauti, bila umeme, bila kamusi ya kuanzia? Njia ilikuwa moja tu, kuuliza. Krapf aliwauliza mabaharia kuhusu upepo na jahazi, wakulima kuhusu mbegu, masheikh kuhusu maneno yenye asili ya Kiarabu. Alisikiliza, akaandika, akauliza tena kwa mtu wa pili kuhakikisha. Hakutosheka na maana ya neno moja kwa neno moja. Alitaka sentensi ambayo mtu wa Mombasa angeisema kweli, na desturi iliyokuwa nyuma ya neno. Ndiyo sababu kamusi yake ukiisoma unaona maisha ya watu, si orodha tu.

Matunda yalianza kuonekana. Mwaka wa 1850, kule Tübingen, ilipigwa chapa sarufi yake ya Kiswahili pamoja na kitabu cha msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Alikusanya pia miswada ya tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, akaipeleka kuhifadhiwa kwenye maktaba ya wanazuoni mjini Halle, Ujerumani. Kati yake kulikuwa na utenzi wa Herekali, unaojulikana pia kama Utendi wa Tambuka, ambao ni wa miaka ya 1720. Hapo uone kwamba Waswahili walikuwa na maandishi na mashairi yao zaidi ya miaka mia moja kabla Krapf hajatia mguu pwani. Anayesema kwamba Wazungu ndio walioleta kuandika Kiswahili anasema uwongo mchana kweupe.

NENO LILILOKUWA NCHI

Mwaka wa 1849 Krapf alifunga safari ya bara. Huko Kitui alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipasuka, Krapf akauona kwa macho yake mwenyewe. Akawauliza wenyeji jina lake. Wakamba waliuita Kiinyaa, na inasemekana maana yake inahusu weusi na weupe, kama manyoya ya mbuni dume. Krapf akaliandika kama sikio lake lilivyolipokea: Kenia.

Basi, ndugu msomaji, jina lililo katika kitambulisho chako, katika jezi ya wanariadha wetu na katika wimbo wa taifa lilipitia katika daftari la mwokota maneno. Hakulibuni. Aliliuliza, akaambiwa. Waliolitoa ni Wakamba. Asubuhi zenye anga safi, ukiwa mahali pa juu hapa Nairobi, mlima ule huonekana kwa mbali, nami siku hizi siutazami kama zamani.

Kule London kina bwana wakubwa wa jiografia walimcheka. Theluji karibu na ikweta? Ati homa imempanda kichwani! Mmoja wao, Desborough Cooley, alimpinga kwa miaka mingi, naye hakuwahi kufika huku. Ilikuwa mwaka wa 1883 ndipo Joseph Thomson alipoutazama mlima huo na kuthibitisha maneno ya Krapf. Wakati huo Krapf alikuwa kaburini.

Safari ya mwaka wa 1851 nusura immalize. Karibu na Mto Tana msafara ulivamiwa na wanyang'anyi, rafiki yake Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake msituni. Hakuwa na kibuyu, kwa hiyo alibeba maji katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa darubini yake. Alifika Rabai akiwa mifupa mitupu.

KORNTAL, MIAKA YA KUNGOJA

Mwaka wa 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Alikwenda kuishi Korntal, karibu na Stuttgart. Alirudi Mombasa mwaka wa 1862 kuwasaidia wamisionari Wamethodisti kuanza kazi Ribe, na mwaka wa 1867 aliitwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi. Mara zote mwili ulimshinda akarejea nyumbani.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzee wake aliishi mbali na bahari, akipangua na kupanga maneno ya watu waliokuwa mbali. Theluji iko dirishani, yeye anaandika kaskazi na kusi. Mwaka wa 1875 Rebmann naye alirejea Ulaya baada ya miaka 29 huku, akiwa karibu kipofu kabisa. Alikaa Korntal karibu na rafiki yake wa Rabai mpaka alipofariki mwaka uliofuata.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa amefariki akiomba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ilipigwa chapa London mwaka wa 1882. Hakuiona. Zaidi ya miaka 35 ya kuuliza na kuandika, na hakukishika kitabu chenyewe mkononi. Nilipofika hapa katika kusoma habari zake, nilifunga kitabu nikanyamaza.

YA KUSIFU NA YA KUKOSOA

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sitamsifu tu. Krapf alikuwa mtu wa zama zake. Aliuona Uislamu kama mpinzani, na hakuwatendea haki Waislamu katika maandishi yake, ilhali nusu ya elimu yake ya Kiswahili aliipata kwao. Alipendelea Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya za Kiarabu, moja ya sababu ikiwa kukitenga na Uislamu. Leo sote tunaandika kwa herufi hizo, na ni wachache kati yetu wanaoweza kusoma miswada ya zamani ya pwani. Tulipata kitu, tukapoteza kitu.

Tena kuna jambo la majina. Juu ya kamusi limeandikwa jina moja. Mabaharia, wakulima na masheikh waliompa maneno hayo, wengi hawajulikani. Haki iko wapi hapo?

Na maneno yenyewe je? Krapf alikusanya zaidi Kimvita. Mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa uamuzi ule nti, mato na ndia zilibaki kwenye mashairi na vinywani mwa wenyewe. Hazikuwa makosa. Ziliachwa nje ya mlango, kama wale waliorudishwa na simba wa mawe. Ndiyo maana sisi wa Nairobi tulizicheka.

TUFANYE NINI?

Sina ugomvi na Sheng. Mimi pia naisema, hata sasa hivi nikitoka hapa nitaisema. Lakini tazama mitaa yetu. Ukitoka Kangemi mpaka Kawangware, kutoka Kawangware mpaka Dagoretti, unawapita watu wa pwani, wa ziwani, wa milimani, wa mipakani. Kila mmoja amebeba maneno ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Jina Nairobi lenyewe ni la Wamaasai, lina maana ya maji baridi. Ni wangapi wetu tumewahi kuuliza? Siku mzee akiondoka bila kuulizwa, anaondoka nayo. Krapf alivuka bahari kuyafuata maneno. Sisi yanatuuzia mahamri na tunapokea chenji tu.

Kwa hiyo chama chetu kimeamua kufungua Daftari la Maneno. Kila mwanachama ataleta neno moja kila Jumatano, pamoja na sentensi ambayo mtu huisema kweli, kama alivyofanya Krapf. Na lile ambalo kamusi yake haikulifanya, sisi tutalifanya: mbele ya kila neno tutaandika jina la aliyelitoa. Ukurasa wa kwanza tayari umejaa. Neno ni nti, na jina la mama wa mahamri limeandikwa kwa wino mweusi. Nilimwonyesha. Alilisoma, akacheka, akaniongezea hamri moja bila malipo, kisha akaniuliza kama ninajua neno jingine. Sikulijua. Utalikuta ukurasa wa pili.

Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo. Shime wanachama wenzangu, tuulize! Hapa ndipo ninapotia nanga. Kwaherini.